Nguo Yenye Jina: Hotuba kwa Wanaowashonea Kwilti Askari Waliopata Ulemavu Vitani

Waheshimiwa wazee wetu, maveterani mliotutembelea leo, mama na baba wa askari, mafundi wenzangu wa cherehani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza hapa Nairobi, itifaki imezingatiwa. Naomba niseme mapema neno lililonisimamisha mbele yenu. Kwilti tunazoanza kushona kwa ajili ya askari waliopata ulemavu wakiwa kazini hazitakuwa heshima kwa mtu yeyote iwapo tutazishona kwa mafungu na kuzigawa kama magunia ya unga wakati wa njaa. Kila moja sharti ishonewe mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, aliyeulizwa anataka nini kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuishika kwilti mikononi, ni shuka nzito yenye tabaka tatu. Juu huwa na viraka vya nguo vilivyokatwa kwa kipimo na kuunganishwa kwa mpango, katikati hutandikwa pamba au blanketi jembamba, na chini hulazwa kitambaa kimoja kizima. Tabaka hizo hupigwa bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, ili zisiteleze, kisha hupitishwa mishono inayozishika zote tatu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mwishowe kingo nne hufungwa kwa utepe wa kitambaa. Mishono ile ya katikati wengi huiona kuwa ni urembo tu, kumbe ndiyo inayozuia pamba isikusanyike pembeni baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Fundi mvivu huonekana hapo.

Desturi ya kuwavika askari waliojeruhiwa kwilti imeenea zaidi nchini Marekani, na inafaa tuifahamu vizuri kabla ya kuichukua. Mwaka 2003, Catherine Roberts, mama mmoja wa jimbo la Delaware ambaye mwanawe alikuwa amepelekwa vitani Iraki, aliota ndoto. Alimwona kijana ameketi ukingoni mwa kitanda usiku wa manane, ameinama, amekata tamaa. Kisha akamwona kijana yule yule amejifunika kwilti, na uso wake umebadilika. Mwezi Novemba mwaka huo huo, kwilti ya kwanza ilikabidhiwa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, kwa askari kijana aliyekuwa amepoteza mguu Iraki. Kazi hiyo ilikua ikawa shirika liitwalo Quilts of Valor, na kwilti zilizokwisha kutolewa zimepita 300,000.

Hesabu hiyo ni kubwa, lakini kinachonivutia mimi ni masharti yao. Kwilti lazima iwe ya kadiri ya kumfunika mtu mzima, isiyopungua inchi 55 kwa 65. Lazima iwe imeshonwa tabaka zote tatu, wala si kufungwa mafundo tu. Lazima ifuliwe kabla ya kutolewa, na nyuma yake iwe na kipande cha kitambaa kilichoandikwa jina la anayepewa pamoja na majina ya walioishona. Zaidi ya hayo, hukabidhiwa ana kwa ana, kwa kumvika mhusika mabegani. Sisi wenyewe tunaielewa ishara hiyo bila kufundishwa. Katika jamii zetu nyingi, mzee akiheshimiwa huvishwa. Mama mkwe hapelekewi maneno matupu siku ya mahari, hupelekewa blanketi au leso. Na aliyetunukiwa uongozi hutandikwa shuka mabegani mbele ya watu. Hatuazimi heshima kutoka ng'ambo. Tunaazima namna ya kushona.

Kuna jambo lingine la zamani ambalo ningependa mlichukue. Katika Vita vya Krimea, vilivyopiganwa kati ya 1853 na 1856, askari wa Uingereza waliokuwa wakiuguza majeraha walishona wenyewe kwilti kutokana na sufu nzito ya sare za kijeshi. Ipo picha iliyochorwa mwaka 1856 na Thomas Wood, inayomwonyesha askari Thomas Walker akiwa kitandani hospitalini, kichwa kikionyesha alama za upasuaji, akishona vipande vyekundu, vyeusi na vyeupe. Ninapoitazama picha hiyo simwoni mtu anayesubiri kuhurumiwa. Naona fundi aliyezama katika kazi yake. Kwa hiyo, wakati tunapopanga ni nani atakata na ni nani atashona, tuwaalike maveterani wenyewe mezani. Wapo wenye mikono mizuri kuliko yetu, kwa kuwa jeshini pia kuna mafundi wa nguo, na wapo ambao hawajawahi kushika sindano lakini wanaweza kuchagua rangi na kupanga viraka. Asiyetaka aachwe apumzike, wala asiulizwe mara ya pili.

Mji huu wetu, ndugu zangu, umejaa kumbukumbu za askari ambazo tunazipita kila siku bila kuzitambua. Soko la Kariokor lilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wabebaji mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale Waafrika waliobeba risasi na vyakula vya jeshi la Uingereza kutoka pwani ya Kenya hadi ndani kabisa ya Tanganyika, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Soko la Burma linakumbusha nchi ambako vijana wetu wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, walipelekwa kupigana na Wajapani katika Vita vya Pili. Na pale Kenyatta Avenue zipo sanamu za askari na mbebaji zilizozinduliwa mwaka 1928, zenye maandishi ya kuwasifu kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Someni maandishi hayo mkipata nafasi. Mtakuta sifa, ila hamtakuta jina hata moja la mtu aliyekufa.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mwezi Aprili mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti kuhusu namna ilivyowakumbuka waliokufa katika Vita vya Kwanza, na ikaomba radhi. Ilikiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Maafisa wa wakati ule walidhani Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina. Mimi nimezaliwa katika nchi ambayo babu zake walitendewa hivyo, na siwezi kushona nguo ya heshima nikaiacha bila jina. Ndiyo sababu nimeng'ang'ania neno hili tangu mwanzo, na nitarudi kwalo.

Sasa tuje kwa askari wa leo. Mwezi Oktoba mwaka 2011, majeshi yetu yaliingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, na tangu mwaka uliofuata tumekuwa tukiadhimisha Siku ya Majeshi ya Ulinzi tarehe 14 Oktoba. Tunayakumbuka majina ya mahali ambako kambi zetu zilishambuliwa: El Adde, Januari 2016, Kulbiyow, Januari 2017. Waliofariki huko walirudi wamefunikwa bendera, wakapigiwa tarumbeta, wakazikwa kwa heshima zote, na walistahili. Aliyerudi hai bila mguu, au bila macho, au akiwa na kichwa ambacho hakivumilii tena mlio wa sahani ikianguka, mara nyingi alirudi kimya kimya. Alipita hospitalini, pengine Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi ya Ulinzi pale Mbagathi, akajifunza kutembea upya au kuendesha kiti cha magurudumu, kisha akaenda nyumbani Kahawa West, au Embakasi, au kijijini Bungoma, ambako jirani wanamjua kama mtu aliyekuwa jeshini zamani. Wengi wao hawakuumia kwa kupigana ana kwa ana. Walikuwa ndani ya gari lililokanyaga bomu lililofukiwa barabarani, na hata wenyewe hawana hadithi ya kusimulia zaidi ya vumbi na mlio. Mtu kama huyo hupata shida kuamini kwamba alilolifanya lilionekana na mtu yeyote.

Hapo ndipo kazi yetu inapoingia, wala haivuki mpaka huo. Kwilti haitembezi mtu. Mguu wa bandia unaomtosha, matibabu ya akili, fidia na malipo ya uzeeni yanayofika kwa wakati, hayo ni haki zake, na yamewekewa misingi katika Kifungu cha 54 cha Katiba, kinachohusu watu wenye ulemavu, na katika Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya mwaka 2022. Mtu akija na kwilti akidhani amemaliza deni la taifa, tumrudishe nayo nyumbani. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimeona zawadi zikitumiwa kuwanyamazisha watu wanaodai haki yao, na sitaki nyuzi zetu zitumike hivyo.

Baada ya hayo, nizungumze na mafundi. Makosa mengi hufanywa na watu wenye nia njema wanaochukua kipimo kimoja na kushona nguo moja kwa watu kumi. Ulemavu si mmoja. Anayetumia kiti cha magurudumu hahitaji kwilti ya kitanda pekee. Anahitaji ya mapajani, na hiyo upimwe upana wake akiwa ameketi, kutoka gurudumu hadi gurudumu, na urefu wake kutoka kiunoni hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ikizidi hapo itaingia kwenye spoki, na kiti kinaweza kumwangusha kwenye mteremko. Nilikwenda kumpima koplo mmoja mstaafu nyumbani kwake, nikatandaza futi yangu ya kupimia juu ya magoti yake kama ninavyompima mteja yeyote. Akaishika, akaivuta nyuma kwa vidole viwili, akasema, "Hapa, mama. Usishuke zaidi ya hapa, maana mimi hupeleka mtoto shule." Kisha akanionyesha gurudumu la kushoto, spoki mbili zimepinda, na uzi wa sweta la zamani bado umejisokota kwenye ekseli. Niliandika kipimo chake na si changu.

Aliyeumia uti wa mgongo huenda hasikii chochote kuanzia kiunoni. Kwake kifungo, fundo la uzi au pindo nene likikaa chini ya paja ni hatari ya kweli, kwa kuwa ngozi itabanwa kwa saa nyingi bila yeye kujua, na kidonda kitakachotokea kinaweza kumrudisha hospitalini kwa miezi. Basi kwilti yake isiwe na kifungo wala shanga, mishono iwe bapa, na mapindo yafunguliwe kwa pasi badala ya kulazwa upande mmoja. Kwa aliyekatwa mguu, mahali palipobaki huweza kuwa pepesi kuumia, na wapo wanaosikia maumivu katika mguu ambao haupo tena. Wengine hutulizwa na uzito wa nguo, wengine hawauwezi hata kidogo. Hakuna kitabu kitakachokuambia huyu ni yupi. Ni kumuuliza.

Kwa asiyeona, rangi zetu zote nzuri hazina kazi, na hapo ndipo fundi anapoonyesha ustadi wake. Pangeni viraka kwa kugusa: kikoi kando ya jinzi, jinzi kando ya velveti, velveti kando ya pamba laini, na kwenye pembe moja mshone alama iliyoinuka, ili ajue upande wa kichwani ni upi anapotandika kitanda mwenyewe. Kwa aliyepoteza mkono, wekeni vitanzi imara kwenye pembe mbili, aweze kuivuta na kuikunja kwa mkono mmoja. Kwa aliyetikisika ubongo kwa mlipuko, epukeni vile vitenge vyenye maduara na mistari inayocheza machoni, kwa sababu wengine huumwa kichwa au kupata kizunguzungu kwa kuvitazama. Rangi tulivu mbili tatu zinatosha.

Hali ya hewa nayo isisahaulike. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai tunaijua sote, hivyo pamba ya katikati inakubalika hapa, na Nyahururu hata zaidi. Lakini kama anayepewa anaishi Garissa, Lodwar au Mombasa, pamba itaifanya nguo yetu ikae kabatini maisha yake yote. Mshonee tabaka mbili nyepesi, juu na bitana, na mishono ile ile.

Kuhusu vitambaa, mabaki ya mafundi wa Uhuru Market na Kariokor ni mazuri na ni ya bei ndogo, na Gikomba hupatikana mashati ya pamba safi ambayo bado yana nguvu. Khanga na vitenge vifuliwe kwa maji baridi kabla ya kukatwa, la sivyo rangi itatoka na nguo itajikunja baada ya kushonwa. Mkichagua khanga yenye maandishi, msomeeni mwenye nguo au mkewe maneno yake kwanza. Kuna misemo ya mafumbo na ya masikitiko ambayo hakuna askari anayepaswa kulala chini yake. Tafadhali msinunue kitambaa cha madoadoa ya kijeshi. Najua kinavutia kwa kazi hii, ila sheria yetu hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, na kitambaa kinachofanana nazo kinaweza kumtia mtu matatani kwa kukibeba tu ndani ya matatu. Bendera ya taifa pia haikatwi viraka. Nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe zipo tele dukani Biashara Street, na zinapangika vizuri bila kuigusa bendera yenyewe.

Siku ya kukabidhi ninaiogopa zaidi kuliko kazi ya kushona. Tumezoea sherehe zenye spika kubwa, mgeni rasmi anayechelewa na kamera zinazomkaribia mtu usoni. Ninapendekeza tufanye sherehe ndogo ndogo, nyumbani kwa mhusika au katika ukumbi anaoujua, bila maputo yanayopasuka na bila fataki. Kabla ya kumwekea mtu nguo mabegani, mwombeni ruhusa, kwa sababu wapo walioungua mabega na wapo ambao kushikwa kutoka nyuma huwatia hofu. Mtu anayeijongea familia kwa mbele, akaionyesha kwilti, akaisoma ile lebo kwa sauti, kisha akampa mke, mama au askari mwenzake aivishe, amefanya vyema kuliko mbunge yeyote. Picha zipigwe kama mwenyewe atataka, na zikae kwake.

Na lebo, nimeahidi kurudi kwake. Ikatwe katika kitambaa cheupe cha pamba, kadiri ya kiganja, ishonwe nyuma kwenye pembe ya chini, kwa uzi mweusi na kwa mkono, kwa maana wino hufifia ukifuliwa. Iandikwe jina lake kamili kama anavyolitamka yeye, cheo chake ikiwa anataka kiandikwe, kikosi chake ikiwa anaruhusu, mji wa Nairobi, mwaka, na chini yake majina ya walioishona, wote, pamoja na msichana aliyepiga pasi. Namba ya utumishi isiandikwe, kwani hiyo ni siri yake na ya jeshi. Majina yasifupishwe. Nimeshuhudia katika shughuli nyingine mtu akipewa cheti chenye jina lake limekosewa herufi mbili, akakikunja na kukitia mfukoni bila kukisoma tena, na sitaki mmoja wetu asababishe hayo kwa haraka ya sindano.

Kwa hiyo, jamaa za askari mlioko hapa, meza iliyo kando ya mlango ina karatasi za kujaza. Andikeni jina kwa herufi kubwa, na mwenyewe akiwapo aandike kwa mkono wake. Jazeni pia sehemu ya vipimo, mahali anapoishi, rangi asizozipenda na jinsi anavyolala, kitandani au kitini. Wanaoandikisha kwa niaba ya mtu aliye mbali wampigie simu sasa hivi wamuulize kama anaitaka kwilti yenyewe, na akisema hataki, tumshukuru na tusimwandike. Mafundi, nitakaa nanyi upande huu tugawane kazi: wenye cherehani za umeme wachukue kuunganisha viraka, wenye subira wachukue bandi na utepe, na wale watatu wenye mwandiko wa sindano ulio safi kuliko wetu wote, naomba mwanze na lebo, kabla ya kitu kingine chochote.